UZI: ATP si ghala la nguvu. Nishati ya seli inakaa wapi, na inatumikaje?

MwalimuTudor

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine hamjambo.

Nafundisha biolojia vijana wa sekondari hapa Mombasa, na kila muhula naikuta sentensi hii kwenye madaftari: "ATP ni ghala la nishati ya seli, kifungo chake kikivunjika, nguvu hutoka." Inakaririwa, inapewa alama, basi. Kwangu mimi ina makosa mawili makubwa, na anayeyabeba hataelewa njaa, saumu, unene, wala kwa nini samaki hukakamaa akifa. Nimefungua uzi tuyatatue polepole. Mwenye swali aulize.

Tuanze na hilo ghala. Adenosini trifosfeti, yaani ATP, molekuli yenye fosfeti tatu (vikundi vya fosforasi na oksijeni), iliyomo mwilini mwa mtu mzima kwa wakati wowote haizidi robo kilo. Lakini jumlisha ATP anayoitumia kutwa kucha, utapata makumi ya kilo. Hesabu hiyo inakubali kwa sababu moja tu: molekuli ileile huvunjwa na kuundwa upya mamia ya mara kwa siku. Wakala wa M-Pesa pale stejini anaweza kuwa na floti ndogo na jioni akawa amepitisha pesa nyingi kuishinda floti yenyewe mara kadhaa, maana zinaingia na kutoka. Njia ya kuingizia ikizibwa, hafiki mbali.

Misuli nayo haifiki mbali. Mtu anayekimbilia feri Likoni lango linapotaka kufungwa ana ATP ya sekunde chache tu kwenye mapaja yake. Kreatini fosfeti, akiba ndogo ya fosfeti msulini, inaipokea papo hapo na kuirudishia ADP (yaani ATP iliyopoteza fosfeti moja) fosfeti yake, na hiyo nayo, kwa mbio za kasi kamili, huisha katika kama sekunde 10. Akiwa bado hajafika, seli zinategemea sukari, na akiendelea kwa mwendo wa wastani, mafuta.

Akiba yenyewe ndiyo hiyo: ini la mtu mzima aliyeshiba lina kama gramu 100 za glikojeni (glukosi iliyounganishwa kwa akiba), misuli yote kwa pamoja kama gramu 400. Inayobaki, na ndiyo nyingi kupita kiasi, ni mafuta.

Kosa la pili ni la kemia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kuvunja kifungo cha kikemia hugharimu nishati, siku zote, chochote kile. Nishati hupatikana vifungo vipya vilivyo imara zaidi vinapoundwa. ATP ikikutana na maji, fosfeti ya mwisho hung'oka, kisha fosfeti hiyo na ADP zote mbili hushikana na maji vizuri zaidi, na zile chaji hasi zilizokuwa zimebanana pamoja hupata nafasi. Ukitoa gharama ya kuvunja kwenye pato la kuunda, kinachobaki ndicho seli inachokitumia.

Sasa angalieni jambo hili. Kwa vipimo sanifu vya maabara, faida hiyo ni kilojuli 30.5 kwa moli. Ndani ya seli hai inakaribia 50. ATP ni ileile na kifungo kilekile. Tofauti ni kwamba seli imehakikisha ATP ni nyingi na ADP ni chache mno, mbali na ule usawa ambao kemia ingeufikia yenyewe ikiachwa. Mbali kwa kiwango cha mabilioni ya mara. Nguvu inakaa kwenye umbali huo. Seli inakula usiku na mchana ili umbali huo usipungue.

Yale maneno ya "kifungo chenye nguvu" yana historia. Karl Lohmann aliigundua ATP Ujerumani mwaka 1929, na mwaka huohuo Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow wakaipata Marekani. Mwaka 1941 Fritz Lipmann akaandika makala yaliyoonyesha kwamba fosfeti ndiyo inayopitisha nishati baina ya kazi moja na nyingine ndani ya seli, na akakichora kifungo kwa alama ya wimbi. Kazi yake ilikuwa kubwa, na mwaka 1953 akapata Nobel kwa ugunduzi wake mwingine. Ila lile wimbi vitabu vya shule vikalichukua kana kwamba kuna kitu kimefungiwa ndani yake kikingoja kufunguliwa.

NesiMtarajiwa_Kisauni

Mwalimu shukran sana, mimi nasomea uuguzi na hili halikuwahi kunikaa. Lakini sasa umeniacha njia panda. Kama kuvunja kifungo ni gharama, nguvu ya chakula inatoka wapi? Si tunaambiwa glukosi "inavunjwavunjwa"?

MwalimuTudor

Swali zuri mwanangu. Jibu linawashangaza wengi: sehemu kubwa ya hiyo nguvu inaletwa na oksijeni unayovuta.

Kifungo baina ya atomu mbili za oksijeni ni dhaifu kwa kifungo maradufu. Kukivunja hugharimu kama kilojuli 498 kwa moli. Vifungo vinavyokuja baadaye, vya kabonidioksidi na vya maji, ni imara zaidi kwa mbali. Ndiyo maana hata uchome wali, samli au nyama, nishati inayotoka kwa kila lita ya oksijeni inayotumika inakaribiana sana, kama kilojuli 20. Wanaopima matumizi ya nishati ya mgonjwa hospitalini hupima pumzi yake, na hesabu inasimama juu ya namba hiyo.

Seli haichomi kwa mkupuo. Elektroni za chakula hutolewa kidogokidogo, kwanza kwenye umajimaji wa seli, kisha kwenye mzunguko ambao Hans Krebs aliueleza mwaka 1937, halafu hupokezanwa na protini zilizopachikwa kwenye utando wa ndani wa mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyotengeneza ATP, hadi zikaifikie oksijeni. Katika hatua kadhaa protini hizo hutumia nishati ile kusukuma protoni upande wa pili wa utando. Protoni zinarundikana nje na ndani zinapungua. Tofauti ya umeme kwenye utando huo ni kama milivolti 150. Unaweza kuiona ndogo, lakini utando wenyewe una unene wa nanomita 5 au 6 hivi. Ukigawanya unapata takriban volti milioni 30 kwa mita, nguvu ya kiwango cha radi, na unayo sasa hivi unaposoma, katika kila seli yako yenye mitokondria.

Protoni zikitaka kurudi ndani, mlango wao mkuu ni kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi ya kikemia) kinachozunguka. Nasema kinazunguka na namaanisha kuzunguka: kina ekseli na gurudumu la protini, hupiga mizunguko zaidi ya 100 kwa sekunde, na kila mzunguko mmoja hutoa ATP tatu. Kwa binadamu gurudumu hilo lina vipande 8, kwa hiyo protoni 8 kwa kila mzunguko. Mwaka 1997 watafiti wa Japani walikifunga kimeng'enya hicho kwenye kioo, wakakibandika uzi wa protini wenye rangi inayong'aa, wakautazama ukizunguka kwa darubini. Mwaka huohuo Paul Boyer na John Walker wakapata Nobel kwa kueleza kinavyofanya kazi.

Aliyeanzisha wazo la protoni ni Mwingereza, Peter Mitchell, mwaka 1961. Wakati huo mabingwa wote walikuwa wakitafuta molekuli fulani ya kati yenye fosfeti, naye akasema hakuna molekuli hiyo, kuna utando na tofauti baina ya pande zake mbili. Wengi walimkatalia kwa miaka. Alitengeneza jumba bovu huko Cornwall, karibu na Bodmin, akalifanya maabara na kuendelea na kazi na watu wachache. Nobel alipewa mwaka 1978, peke yake. Mimi nikiwafundisha vijana sehemu hii huwa nasimama hapo, maana ni wazo lililopindua somo zima na lilitetewa na mtu aliyekuwa ameondoka chuo kikuu.

MvuviMjiWaKale

Mwalimu umetaja samaki mwanzo kisha umepita. Mimi ni mtu wa mshipi. Changu aliyepigana sana kwenye mshipi hukakamaa upesi kuliko aliyekufa mara moja. Na wazee wetu husema samaki aliyekakamaa mnunue, aliyekwisha kulegea tena mwangalie vizuri. Hiyo inahusiana na ATP?

MwalimuTudor

Inahusiana moja kwa moja kaka, na wazee wako sawa.

Msuli unajikunja kwa protini mbili zinazoshikana, aktini na miosini. Watu hudhani ATP inahitajika kushika. Inahitajika kuachia. Kichwa cha miosini kikishika aktini hakitoki hadi ATP mpya iingie. Samaki akifa damu haileti oksijeni tena, glikojeni iliyobaki huunda ATP kidogo kwa muda, kisha inakwisha. Vichwa vyote vinabaki vimeshika na mwili unakuwa kama ubao. Aliyepigana na mshipi alikwisha kuichoma glikojeni yake akiwa hai, kwa hiyo ATP inamwishia mapema. Baadaye vimeng'enya vya nyama yenyewe huanza kuzikata protini, ndipo analegea, na bakteria nao wanafuatia.

Kuna zaidi. ATP ya samaki aliyekufa hushuka ngazi kwa ngazi: ADP, kisha AMP (iliyobaki na fosfeti moja), kisha inosini monofosfeti, ambayo ndiyo inayompa samaki mbichi ile ladha yake nzuri. Hapo ikishuka tena inakuwa inosini, mwisho haipozanthini, yenye uchungu. Watafiti wa Japani mwaka 1959 walitengeneza kipimo cha ubichi wa samaki kwa kuangalia ni kiasi gani kimeshafika kwenye ngazi hizo mbili za mwisho. Barafu unayomwekea boti ikiwa bado baharini inapunguza kasi ya vimeng'enya hivyo. Ukingoja hadi ufike pwani, ngazi zimeshaanza kushukwa.

BiMahamri

Mie nasoma tu hapa, biolojia niliiacha zamani. Nakanda mahamri usiku ili alfajiri nichome. Kwenye baridi ya kusi, Julai, unga hauumuki upesi. Na siku moja msaidizi wangu alitia tui likiwa moto sana, haukuumuka kabisa. Hamira nayo ni seli?

MwalimuTudor

Bi, hamira ni seli hai, mamilioni kwa mamilioni katika kijiko kimoja, na unga wako ndio darasa zuri kuliko yote humu.

Hamira ikishaitumia hewa kidogo iliyomo kwenye donge, oksijeni inakwisha. Bila oksijeni ule mnyororo wa mitokondria unasimama. Kinachobaki ni njia ya kale: glukosi moja inakatwa, inapatikana kabonidioksidi mbili, ethanoli mbili, na ATP mbili tu. Kabonidioksidi ndiyo inayotanua donge. Kwa sababu faida ni ndogo hivyo, hamira inalazimika kula sukari nyingi sana ili iishi, na hilo kwako ni heri, maana gesi inakuwa nyingi. Louis Pasteur aliliona hilo karne ya 19: hamira ikipata hewa, sukari inayokula hupungua.

Baridi inapunguza kasi ya vimeng'enya, hivyo unga unachelewa lakini utaumuka ukiupa muda. Tui la moto ni jambo jingine. Likikaribia nyuzi 60 hivi, protini za hamira zinaharibika umbo na hazirudi. Lipoe hadi uweze kutia kidole bila kukitoa, ndipo uchanganye.

Na mahali hapohapo kwenye hamira ndipo fosfeti ilipoanza kujulikana. Eduard Buchner mwaka 1897 aliisaga hamira akakamua maji yake, na maji hayo, bila seli hata moja hai, yakachachusha sukari. Mwaka 1906 Arthur Harden na William Young wakaona kwamba ukiongeza fosfeti kwenye maji hayo kazi inakwenda kasi zaidi, na fosfeti inajibandika kwenye sukari. Miaka 23 baadaye ndipo ATP ikapatikana.

KijanaWaMajengo

Mwalimu na mimi nina langu. Ramadhani nikifunga, alasiri nakuwa mzito, kichwa hakifanyi kazi. Rafiki yangu anasema mwili unaanza "kula misuli" tangu asubuhi. Ni kweli?

MwalimuTudor

Mwambie asitie watu hofu. Ukila daku, saa za mwanzo unatumia chakula hicho. Kisha ini linatoa glikojeni yake kidogokidogo kulisha damu sukari, hasa kwa ajili ya ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wako lakini unachukua kama asilimia 20 ya nishati ukiwa umepumzika. Wakati huohuo misuli na moyo vinazidi kutumia mafuta. Saumu ya hapa kwetu ni kama saa 13 na kitu, karibu sawa mwaka mzima kwa kuwa tuko jirani na ikweta, na muda huo ini huwa bado halijakauka, ila limepungua.

Mwili unatengeneza sukari mpya pia, kutokana na asidi laktiki, gliseroli ya mafuta, na amino asidi. Hizo amino asidi zinatoka kwenye protini, na hapo ndipo rafiki yako alipopata neno lake. Kwa saumu ya mchana mmoja kiasi ni kidogo na unakirudisha ukila. Uzito wa alasiri mara nyingi una sababu nyingine pia: kiu, usingizi uliokatika, na kahawa uliyoizoea. Tende za futari zina glukosi na fruktosi tayari, hazihitaji kumeng'enywa sana, ndiyo maana unachangamka haraka. Ila mwenye kisukari anayetumia insulini aonane na daktari wake kabla ya kufunga. Hilo msilipitie juu juu.

MzeeWaMinazi

Nimesoma kwa makini. Sisi watu wa mashamba tunamjua mnazi tangu kidaka, kitale, dafu, koroma, hadi nazi. Dafu lina maji matamu na nyama laini, nazi ina mafuta. Na nazi iliyoota ina joya ndani, tamu, watoto hulila. Utamu umeondoka, mafuta yakaja, kisha utamu umerudi. Nieleze hilo.

MwalimuTudor

Shikamoo mzee wangu. Umeleta jambo kubwa kuliko yote niliyoandika.

Sukari ya dafu ni malighafi. Nazi inavyokomaa, tunda linazidi kuigeuza kuwa mafuta, na sababu ni uzito. Gramu ya mafuta ina kama kilojuli 37, gramu ya wanga 17. Tena glikojeni ya wanyama hubeba maji, kama gramu tatu kwa kila gramu moja. Mtu mwenye kilo 10 za mafuta, akitaka kutunza nishati hiyohiyo kwa glikojeni, angebeba zaidi ya kilo 80 badala ya 10. Asingetembea.

Nazi inapoota, mche hauna majani wala mizizi ya kutosha. Joya hujaa ndani ya kifuu, linainyonya ile nyama na kuulisha mche kwa miezi. Na mbegu zenye mafuta zina uwezo ambao sisi hatuna: zinaweza kugeuza mafuta kuwa sukari. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1957 na Hans Kornberg pamoja na huyohuyo Krebs. Binadamu akila mafuta hawezi kuyarudisha kuwa glukosi isipokuwa ile sehemu ndogo ya gliseroli. Ndiyo maana mwenye kufunga kwa siku nyingi ini lake hutengeneza ketoni, ili ubongo upate kitu kingine cha kutumia.

NesiMtarajiwa_Kisauni

Mwalimu, kuna vidonge vya kupunguza uzito vinauzwa mtandaoni, wenzangu wawili wameonyeshwa. Vimeandikwa "DNP". Nimelikumbuka jina hilo kwenye somo la mitokondria.

MwalimuTudor

Waambie wasiguse. Naandika hili kwa uzito wote.

Dinitrofenoli, ndiyo hiyo DNP, inabeba protoni na kuzivusha utando bila kupitia kile kimeng'enya kinachozunguka. Mitokondria inaendelea kuchoma mafuta, ATP haipatikani ya kutosha, na nishati yote inakuwa joto. Mwili unapanda moto kutoka ndani. Ilianza kutolewa Marekani kama dawa ya unene mwaka 1933, watu wakapata mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa joto, na mwaka 1938 ikapigwa marufuku kwa matumizi ya binadamu. Hakuna dawa ya kuipinga. Kipimo kinachopunguza mwili na kinachoua vinakaribiana mno. Aliyekwisha kumeza na anahisi joto, jasho jingi na moyo kwenda mbio apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na kidonge kichukuliwe kikaonyeshwe.

MvuviMjiWaKale

La mwisho kutoka kwangu. Kule mikoko ya Tudor maji yakipwa, matope yananuka yai bovu. Wenzangu wanasema ni uchafu wa mji tu.

MwalimuTudor

Uchafu upo, lakini harufu hiyo mikoko safi nayo inayo. Matope ya mikoko chini kidogo tu hayana oksijeni, na maji ya bahari yana salfeti nyingi. Bakteria wa humo wanazipeleka elektroni zao kwenye salfeti badala ya oksijeni, na kinachotoka ni hidrojeni salfaidi, ndiyo hiyo yai bovu. Faida yao kwa kila chakula ni ndogo kuliko yetu, lakini wanasukuma protoni kwenye utando vilevile, na kimeng'enya chao kinazunguka vilevile.

KijanaWaMajengo

Mtihani uko karibu. Glukosi moja inatoa ATP ngapi? Kitabu changu kinasema 38, mtandaoni nimeona 30.

MwalimuTudor

Hesabu ya 38 ilitoka enzi ambayo watu walidhani kila jozi ya elektroni inatoa namba kamili ya ATP. Siku hizi tunahesabu protoni. Kuna zinazovuja kwenye utando, na kila ATP inayotoka mitokondria na fosfeti inayoingia hugharimu protoni moja, kwa hiyo kwa binadamu inakuja kama 30 hadi 32. Kama swali linafuata kitabu chenu, andika 38 na uongeze "kwa kiwango cha juu kabisa kinachowezekana". Kama limekuuliza ueleze, andika 30 hadi 32 na utaje kuvuja kwa protoni. Mbili kati ya hizo zinapatikana kwenye umajimaji wa seli bila oksijeni, zilezile mbili za hamira ya Bi Mahamri.